Maswali ya Wasomaji: Vyambo vya Plastiki Vinavyokatika, Kuungua na Kutoa Mapovu

Barua tulizopokea kuhusu vyambo bandia vya plastiki laini vinavyotengenezwa nyumbani ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu, kwa hiyo tumechagua zile ambazo shida yake inawagusa wengi. Kwa faida ya msomaji anayekutana na jambo hili kwa mara ya kwanza, tunazungumzia chambo chenye umbo la mnyoo, la dagaa au la kamba mwenye magando, kinachovalishwa kwenye ndoano na kutembezwa majini ili samaki akidhanie kuwa ni kiumbe hai. Hutengenezwa kwa plastisoli, yaani unga laini sana wa plastiki ya PVC uliochanganywa na mafuta ya kulainisha. Mchanganyiko huo ukiwa baridi ni kimiminika cheupe, na ukipikwa sawasawa huwa angavu, kisha ukipoa huganda na kubaki laini. Wanaotajwa kuwa wa kwanza kuuza mnyoo wa plastiki ya namna hii ni Nick Creme na mkewe Cosma, mwaka 1949, huko Akron katika jimbo la Ohio, Marekani, nao walianza kwa majaribio ya nyumbani. Anayepika vyambo uani kwake leo anafanya kazi ile ile iliyouanzisha ufundi huu.

Nimezisoma barua zote, na lipo jambo ninaloliona katika karibu kila moja: joto halikutosha, au lilipita kiasi, au lilikutana na unyevu. Wengi wenu mmebadilisha vipimo vya rangi, chumvi na kilainishi mara kadhaa bila ya kuwa na kifaa cha kupimia joto. Ninawasihi mnunue kwanza kipimajoto kinachofika nyuzi 250 za Selsiasi, kwani bila hicho hata ushauri wangu mwingine utakuwa wa kubahatisha.

SWALI. Ndugu mshauri, salaam. Nilipewa plastisoli na mgeni aliyekuja kuvua huku kwetu. Kwa kuogopa kuiunguza, niliipika kwa kuweka sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa ya maji yanayochemka. Ilikuwa nzito, nikaishindilia ndani ya kalibu kwa kijiko. Vyambo vimetoka na umbo zuri, lakini vinakatika mara tu ndoano inapopenya, na vinaacha mafuta mikononi. Je, plastisoli hii imeharibika kwa kukaa sana?
*Mvuvi wa mishipi, Kilifi*

JIBU. Ndugu yangu wa Kilifi, plastisoli yako ni nzima kabisa. Tatizo ni kwamba haikuiva, na kwa njia uliyoitumia isingeweza kuiva hata ungeikesha usiku kucha, kwa sababu maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100.

Plastisoli hubadilika mara mbili inapopashwa moto, na mabadiliko hayo mawili huchanganywa na watu wengi. Badiliko la kwanza hutokea kati ya nyuzi 60 na 100 hivi, pale chembe za PVC zinapoanza kuyanywa mafuta ya kulainisha, zikavimba na kugusana. Hapo kimiminika huwa kizito, hufanya mabonge, na kwa macho huonekana kama kitu kilichokwisha kuganda. Badiliko la pili, ambalo ndilo linaloipa plastiki nguvu yake, linahitaji nyuzi 160 hadi 177: chembe zilizovimba huyeyuka, zikaungana na kuwa kitu kimoja, na mabonge yote hurudi kuwa kimiminika chembamba kinachopitisha mwanga. Wewe uliishia katika badiliko la kwanza. Ulichonacho ni chembe zilizoshikana juu juu, na ndiyo maana chambo chako kinameguka mithili ya ugali uliolala, na mafuta ambayo hayakufungwa ndani yake yanachuruzika nje.

Habari njema ni kwamba hujapoteza kitu. Vikate vyambo vyote vipande vidogo uvipike upya. Tumia sufuria nzito ya alumini, uiweke juu ya jiko la gesi lenye moto mdogo, na kati ya moto na sufuria utangulize kikaango kizito cha chuma ili joto lisambae. Jiko la mkaa silipendekezi kwa kazi hii, kwa sababu joto lake halipunguzwi kwa haraka pale unapolihitaji lipungue. Koroga polepole bila ya kuacha, huku ukikwangua kitako cha sufuria, na usitishike unapofika katika hatua ya mabonge, maana ndipo wengi huiepua wakidhani wameiharibu. Endelea mpaka uione chini ya sufuria kupitia plastiki yenyewe, kisha soma kipimajoto. Ikifika nyuzi 170, imeiva.

Kuna jaribio jepesi la kuthibitisha. Chukua chambo kilichokwisha kupoa kabisa, kishike kwa ncha mbili, ukivute hadi kirefuke mara mbili ya urefu wake, kisha ukiachie. Kilichoiva hurudi katika umbo lake bila ya alama. Kisichoiva hukatika, na pale kilipokatika huwa peupe na pasipong'aa. Ulifanye jaribio hili siku ya pili, kwa sababu chambo kilichotoka kwenye kalibu huhitaji takriban siku nzima kabla ya kufikia ugumu wake wa mwisho.

SWALI. Shikamoo, mzee wetu. Ninavua besi katika Ziwa Naivasha na nimetengeneza kalibu ya chambo chenye umbo la kamba. Plastiki ya kwanza ilitoka safi, lakini kila ninapopasha tena masalio inazidi kuwa ya manjano, na sasa imekuwa ya kahawia, ina harufu inayochoma pua. Kipimajoto changu kinasema sijawahi kupita nyuzi 175. Jambo la pili, magando ya kamba wangu yanalala chini badala ya kusimama. Nisaidie.
*Kijana wa Naivasha*

JIBU. Marahaba, mwanangu. Nianze na umbo ulilolichagua, kwa kuwa umechagua vyema. Besi waliingizwa katika ziwa lenu mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa starehe, na kamba wekundu wa maji baridi wenye asili ya Louisiana wakaingizwa mwaka 1970. Tangu hapo kamba hao wamekuwa miongoni mwa vyakula vikubwa vya besi wa Naivasha. Chambo chekundu kilichokolea, kinachotambaa chini karibu na mafunjo, kinamwonyesha samaki kitu anachokijua.

Sasa tuje kwenye umanjano. PVC inapopata joto kupita kiasi huanza kuvunjika, na katika kuvunjika huko hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ndiyo harufu inayokuchoma pua. Ubaya wa gesi hiyo ni kwamba huchochea uvunjikaji zaidi, kwa hiyo mara kazi hiyo ikianza huenda kwa kasi inayoongezeka: angavu, manjano, kahawia, na mwisho nyeusi. Watengenezaji huongeza dawa ya kuhimili joto, ambayo kazi yake ni kuidaka gesi hiyo kabla haijaleta madhara. Lakini dawa hiyo huisha. Kila unapopasha masalio unaitumia sehemu yake, na plastiki iliyopashwa mara nne haina tena ulinzi iliokuwa nao mara ya kwanza, hata kama joto ni lile lile. Ndiyo maana inaungua kwenye nyuzi ambazo zamani iliweza kuzistahimili.

Fanya mambo haya. Pika kiasi unachoweza kukimimina mara moja, ili masalio yawe machache. Masalio yakiwapo, yachanganye na plastisoli mpya, mpya ikiwa nyingi kuliko masalio, na ongeza matone machache ya dawa ya kuhimili joto kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Masalio yaliyokwisha kuwa ya manjano yatumie kwa vyambo vyekundu, vya kahawia au vyeusi tu. Ukiyatia rangi nyeupe au ya samawati hutapata rangi uliyoikusudia. Hiyo ya kahawia yenye harufu kali itupe.

Kuhusu kipimajoto chako, nina shaka nacho kidogo. Kama ni kile cha kuelekeza mwanga kwa mbali, tambua kwamba kinasoma uso wa plastiki peke yake, na uso hupoa upesi ilhali kitako cha sufuria kinaungua. Koroga kwanza, ndipo usome. Kama ni cha kuchovya, kipime kwa maji yanayochemka. Lakini usitegemee kuona nyuzi 100: Naivasha iko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka karibu na nyuzi 94. Kikikuonyesha 94, ni cha kuaminika. Kikikuonyesha 84, basi kinapunguza nyuzi kumi, na ule ukomo wako wa 175 kwa kweli huenda ulikuwa 185 au zaidi.

Magando yanalala kwa sababu plastisoli iliyoiva ni nzito kuliko maji kwa kiasi kidogo, hivyo huzama taratibu, na bila shaka umeitia chumvi, ambayo huizamisha zaidi. Ukitaka magando yainuke, mimina mara mbili. Kwanza tia katika sehemu ya magando plastiki iliyochanganywa na unga wa vitufe vidogo sana vya kioo vyenye hewa ndani, unaouzwa na wauzaji wa vifaa vya resini. Mara moja, kabla haijaganda, mimina kiwiliwili kwa plastiki ya kawaida yenye nyuzi 170. Ikiwa ile ya pili ni baridi, haitashikana na ya kwanza, na gando litang'oka samaki anapodona. Vaa barakoa unapoushika unga huo, maana ni mwepesi na huingia kifuani kwa pumzi moja.

SWALI. Kwako mshauri. Ninatumia kalibu ya plasta ya jasi niliyoitengeneza mwenyewe. Mwezi wa kwanza vyambo vilitoka vizuri. Tangu masika yaanze, kila chambo kina mapovu, na mara moja plastiki ilinirukia mkononi. Vilevile mgongo wa chambo unabonyea katikati. Nimepunguza kukoroga lakini sioni nafuu.
*Fundi wa mashua, Tanga*

JIBU. Ndugu fundi, pole kwa kuungua, na ninakuomba usiitumie kalibu hiyo tena mpaka utakapomaliza kusoma jibu hili. Plastiki iliyokurukia ilisukumwa na mvuke. Tone moja la maji likifikiwa na plastiki ya nyuzi 170 hugeuka mvuke papo hapo na kutanuka mara mamia, na mvuke huo hutoka kwa kuirusha plastiki iliyo mbele yake.

Mapovu husomwa kwa mahali yalipo. Yakiwa yameenea chambo kizima, ndani na nje, chanzo ni plastiki yenyewe: ama imekaa na kopo wazi ikanyonya unyevu wa hewa ya pwani, ama umeitikisa koponi na kuipika hapo hapo bila ya kuiacha itulie. Yakiwa makubwa, machache, na yote kwenye ncha kama mkiani au kwenye pembe, basi ni hewa iliyonaswa ndani ya kalibu. Mimina kwa uzi mwembamba, ukianzia upande mmoja, ili hewa isukumwe kuelekea upande wa pili. Na yakiwa upande ule tu unaogusa kalibu, chanzo ni kalibu. Kwa jinsi ulivyoeleza kwamba mambo yaliharibika masika yalipoanza, mimi naona hili la tatu ndilo lako.

Jasi hunywa maji, lakini wengi hawajui kwamba hata jasi iliyokauka ina maji mengine yaliyofungwa ndani ya umbile lake, nayo huachiliwa joto linapopita nyuzi 100 kwa kiasi fulani. Kwa hiyo kukausha peke yake hakutoshi; ni lazima uzibe uso. Kausha kalibu juani kwa siku kadhaa, ukiiingiza ndani kila jioni, na kila asubuhi ipime kwenye mizani ya jikoni. Uzito ukiacha kushuka, imekauka. Usiiweke ndani ya oveni ya moto mkali kwa kuharakisha, kwa kuwa utayatoa yale maji ya umbile na kalibu itakuwa ya kumomonyoka. Ikishakauka, ipake epoksi nyembamba, au gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, mikono mitatu au minne, kila mkono ukauke kabisa kabla ya unaofuata. Kabla ya kumimina, futa ndani kwa mafuta kidogo ya kupikia ili chambo kitoke bila ya kung'ang'ania.

Kubonyea kwa mgongo ni jambo jingine, na halina uhusiano na masika. Plastiki husinyaa inapopoa. Sehemu ya nje huganda kwanza, na ya ndani inapopoa baadaye huivuta ile ya nje kuelekea kwake. Sehemu nene kuliko zote, ambayo ndiyo tumbo na mgongo, ndiyo inayobonyea. Kwa kalibu ya wazi, mimina hadi ukingoni, subiri sekunde chache uone inavyoshuka, kisha ongeza. Kwa kalibu ya vipande viwili inayojazwa kwa bomba la sindano, usiliondoe bomba mara tu kalibu inapojaa: endelea kulikandamiza kwa upole huku plastiki ikianza kuganda, na acha akiba ya kutosha katika tundu la kumiminia, ili chambo kinaposinyaa kivute kutoka kwenye akiba hiyo. Tena punguza joto la kumimina. Wapo wanaomimina wakiwa kwenye nyuzi 180 kwa kudhani kwamba wembamba wa plastiki ndio unaojaza mikia, lakini kadiri inavyomiminwa ikiwa ya moto ndivyo inavyosinyaa zaidi. Ipashe kalibu joto kidogo, umimine kwenye 165, nayo mikia itajaa.

Ukiungua tena, jambo ambalo siliombi, weka mahali hapo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na usiibandue plastiki iliyoganda kwenye ngozi. Mwachie mhudumu wa afya aiondoe.

SWALI. Mheshimiwa mshauri, vyambo vyangu vina umbo la dagaa na mkia wa kasia. Ninavikokota nyuma ya mtumbwi kutafuta sangara. Cha dukani kinatingisha mkia hata kwa mwendo mdogo. Changu kinakuja kimekakamaa, na nikiongeza mwendo kinapinduka tumbo juu.
*Mvuvi wa Ziwa Viktoria, Mwanza*

JIBU. Hapa una matatizo mawili. La kukakamaa huletwa na ugumu wa plastiki au unene wa shingo ya mkia, yaani ile sehemu nyembamba inayounganisha kiwiliwili na kasia. Anza na shingo, kwa sababu haigharimu kitu. Shika chambo chako na cha dukani pamoja, uziangalie shingo zake dhidi ya mwanga. Mara nyingi ya nyumbani huwa nene zaidi, kwa kuwa kalibu iliyotwaliwa kutoka kwenye chambo kilichotumika hubeba na uvimbe wake. Kwa mkasi mdogo wenye makali, nyoa shingo kutoka pande zote mbili sawasawa, kidogo kidogo, ukijaribu ndani ya ndoo ya maji kila baada ya kunyoa. Ukifika pale mkia unapoanza kucheza kwa mwendo wa mkono, umepata kipimo, na sasa rekebisha kalibu yenyewe.

Shingo ikiwa nyembamba na mkia bado haupigi, ongeza kilainishi: anza na sehemu 1 kwa sehemu 10 za plastisoli, uangalie, kisha upande polepole. Ukipitiliza, chambo kitatoka jasho la mafuta na hakitashika ndoano. Chumvi usiitie kabisa katika chambo cha mkia wa kasia, kwani huifanya plastiki iwe nzito na irahisike kuchanika pale pale shingoni.

Kupinduka kunatokana na ndoano. Ndoano ikitoka pembeni ya mstari wa katikati hata kwa unene wa kiberiti, chambo kitazunguka kwa kasi yoyote ya maana. Laza ndoano ubavuni mwa chambo kabla ya kuitia, weka alama kwa kucha mahali itakapotokea mgongoni, kisha itie ukifuata mstari wa kalibu unaoonekana katikati. Uzito wa chubwi nao uwe upande wa tumbo. Ukiyatimiza hayo na bado kinapinduka, basi mwendo wako ni mkubwa kuliko unaofaa mkia wa aina hiyo.

SWALI. Ndugu mhariri, plastisoli haipatikani huku. Je, ninaweza kuyeyusha kandambili za zamani au vipande vya mabomba ya maji, maana nimeambiwa mabomba hayo nayo ni PVC?
*Msomaji, Kigoma*

JIBU. Hapana, ndugu yangu, na ninaomba umwambie hivyo pia aliyekushauri. Bomba ni PVC isiyo na mafuta ya kulainisha. Haiyeyuki ikawa kimiminika cha kumimina, bali huanza kuvunjika na kutoa ile gesi ya asidi niliyoieleza hapo juu, tena mabomba mengi ya zamani yalitiwa risasi wakati wa kutengenezwa, na risasi ni sumu. Kandambili za sponji ni plastiki ya jamii nyingine kabisa, na ukizitia motoni utapata moshi na uji mweusi usiofaa kitu.

Kinachoweza kuyeyushwa ni vyambo laini vya PVC vilivyochanika. Omba kwa wavuvi wenzako na kwa wenye hoteli wanaopokea wageni wa kuvua, vioshe kwa sabuni, vikaushe kabisa hata ndani ya tundu za ndoano ambako maji hujificha, vitenge kwa rangi, kisha uvipike kwa nyuzi 165 hadi 170 ukiongeza kilainishi kidogo kama unacho. Visivyoyeyuka pamoja na vingine viondoe, kwa kuwa si vya PVC. Kazi hii ninaipenda kuliko zote katika ufundi huu, maana chambo laini kikiachwa ziwani hakiozi, na samaki anayekimeza anaweza kukaa nacho tumboni kwa muda mrefu. Na mpaka utakapovikusanya vya kutosha, shada la nyuzi za kamba ya nailoni zilizofumuliwa, nyeupe na samawati, likifungwa juu ya ndoano, halitakuangusha.

SWALI. Shikamoo. Mume wangu anapika vyambo kwa maikrowevu yetu ya jikoni, na mtoto wetu mdogo hupenda kuvitafuna. Anasema havina madhara kwa kuwa vinauzwa kila duka. Ninaomba ukweli.
*Mama wa nyumbani, Houston*

JIBU. Marahaba, binti yangu. Maikrowevu inafaa kwa kazi hii, pengine kuliko jiko, kwa sababu hupasha kwa vipindi vifupi na plastiki haigusi moto. Lakini iwe ya kazi hiyo peke yake, iwekwe gereji au uani penye upepo, na isirudi kupasha chakula kamwe. Vikombe vya kioo, vijiko na bomba la sindano vivyo hivyo. Mpikaji avae miwani, glavu na nguo za mikono mirefu, na akiwa mahali pasipopita hewa ya kutosha avae barakoa yenye kichujio cha gesi za asidi. Kitambaa cha kawaida hakizuii gesi.

Mtoto asitafune vyambo hivyo, viwe vya nyumbani au vya dukani. Mafuta yanayolainisha plastiki hayajafungwa humo moja kwa moja, hutoka taratibu, na mate huyachukua. Aina kadhaa za mafuta hayo, zinazoitwa fithaleti, zimezuiwa katika vifaa vya kuchezea watoto kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2008 pale zinapozidi asilimia 0.1, lakini chambo hakihesabiwi kuwa kifaa cha kuchezea, kwa hiyo kuuzwa dukani si ushahidi kwamba kinafaa kuwekwa mdomoni. Mwambie mume wako kwamba plastisoli isiyo na fithaleti inauzwa, na huko mliko ataipata kwa urahisi. Hata hiyo, mtoto apewe kitu kingine.

SWALI. Assalaam aleikum. Niliacha sanduku la vyambo ndani ya gari. Nilipolifungua nilikuta vyambo laini vimeyeyukia juu ya vile vigumu vya kupakwa rangi, rangi imebanduka, na sanduku lenyewe limelika upande mmoja. Vyeupe vimekuwa vya waridi. Je, ni jua la huku?
*Msomaji, Maskati*

JIBU. Waaleikum salaam, ndugu yangu. Jua limeharakisha tu. Mharibifu ni yale mafuta ya kulainisha. Yanapogusana na rangi ya chambo kigumu au na plastiki ya baadhi ya masanduku, huhamia humo na kuilainisha mpaka inayeyuka, na hilo hutokea hata kivulini ukiyapa muda. Vyambo vigumu vilivyobanduka rangi unaweza kuvikwangua na kuvipaka upya, ila sanduku lililolika litupe. Vyeupe vilivyogeuka waridi vililazwa na vyekundu: rangi husafiri na mafuta hayo, na haitoki tena, kwa hiyo vitumie kama vilivyo.

Tangu sasa viweke vyambo laini katika mifuko ya nailoni inayofungika, kila rangi mfuko wake, pamoja na matone machache ya mafuta ya chambo ili visigandamane, na mifuko hiyo ikae mbali na vyambo vigumu. Kuna vyambo vingine laini vinavyouzwa ambavyo huvutika sana na huelea. Hivyo si vya PVC, na ukivilaza pamoja na vya PVC vyote viwili huharibika, basi viache katika pakiti yake ya asili. Vilaze vikiwa vimenyooka. Vilivyokwisha kupinda kwa joto la gari vichovye katika maji yaliyotoka kuchemka kwa nusu dakika hivi, uvilaze juu ya sahani tambarare vikiwa vimenyooshwa, uvimwagie maji baridi, na usivivalishe kwenye ndoano mpaka vipoe hadi ndani.